Sura ya Nne: Mwalimu Mkuu Hufundishwa na Nani?

Liko swali ambalo nimelisikia Tandahimba mjini na vijijini, katika mabaraza ya kahawa, katika foleni ya ghala la chama cha msingi cha ushirika siku ya kupima korosho, na katika vikao vya wazazi ambamo mtu mmoja husimama mwisho, baada ya ajenda zote kwisha, akalisema lile ambalo wenzake walikuwa wakinong'onezana: kwa nini mwalimu aliyekuwa hodari darasani, ambaye watoto walimpenda na mwandiko wake ubaoni ulisomeka hata na aliyeketi nyuma kabisa, akipewa shule aiongoze, shule humshinda? Wanaouliza hawaulizi kwa uhasidi. Wanauliza kwa kuwa watoto ni wao, na kwa kuwa jambo hilo wameliona likitukia katika shule zaidi ya moja pasipo mtu kuwaeleza sababu yake.

Nimefundisha darasani, na baadaye nikaongoza shule ya msingi, katika uwanda huu wa juu wa Wamakonde, kusini mwa Tanzania, unaotazama bonde la Ruvuma kwa upande wa kusini na vilima vya mawe vya Masasi kwa upande wa magharibi. Kwa hiyo swali hili linanihusu, na wenye kuliuliza wanastahili jibu lililo wazi. Rai yangu ni hii: darasani mwalimu huuliza swali ambalo jibu lake amelala nalo, maana ameliandika katika andalio la somo, lakini ofisini kwa mwalimu mkuu swali huingia bila ya jibu, na jibu lake aghalabu halimo ofisini wala halimo shuleni, limo kwa mtu ambaye pengine hajakanyaga uwanja wa shule ile tangu msingi wake ulipochimbwa. Mwenye kuzoea kutoa majibu kwa miaka mingi hupata taabu kubwa anapotakiwa kuyatafuta, na taabu hiyo ndiyo watu huiona kwa mbali wakaiita kushindwa.

Kazi mbili katika mtu mmoja

Serikali humteua mwalimu mkuu miongoni mwa walimu wenye uzoefu, na ni haki, kwa kuwa asiyejua kufundisha hawezi kuwasimamia wanaofundisha. Baada ya uteuzi, wapo wanaobahatika kupata mafunzo ya uongozi, na chuo mashuhuri kwa kazi hiyo kiko Bagamoyo, nacho ni Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, maarufu kwa jina la ADEM, kilichorithi kazi ya chuo cha zamani cha MANTEP mwaka 2001. Huko mtu hufundishwa sheria za utumishi, utunzaji wa kumbukumbu, na matumizi ya ruzuku, yaani fedha ambayo serikali huipeleka shuleni kwa kadiri ya idadi ya wanafunzi ili shule iendeshwe. Hufundishwa pia juu ya kamati ya shule, yaani baraza la wazazi na walimu lenye kuamua mambo ya shule pamoja na mwalimu mkuu. Maarifa hayo ni ya lazima, na mimi siwezi kuyadharau, maana nimeona shule njema ikivurugika kwa sababu ya risiti zisizotunzwa.

Lakini hakuna chuo kinachoweza kumfundisha mtu aliyepangiwa Tandahimba ni nani mwenye kauli ya mwisho juu ya mtoto wa Kimakonde, au kwa nini mwezi wa Oktoba madawati hubaki matupu, au ni bibi gani kijijini ambaye akisema neno hakuna wa kulirudisha. Maarifa ya namna hiyo yana walimu wake, nao hawana vyeti.

Maneno mawili nitayatumia mara kwa mara katika sura hii, na ni vema niyafafanue mapema. Neno uongozi nalitumia kwa maana ya uwezo wa kuwafanya watu walete walichonacho kwa ajili ya jambo lililo lao wote. Neno ubunifu nalitumia kwa maana ya kukichukua kitu ambacho tayari kipo, kinachojulikana na kila mtu, na kukitia mahali ambapo hakuna aliyewahi kufikiri kukitia. Wengi hudhani kwamba ubunifu huhitaji chombo kipya, fedha mpya au mgeni kutoka mbali. Yote niliyopata kuyashuhudia katika uwanda huu yalitokana na vitu vilivyokuwa vimekaa miguuni petu.

Oktoba, mwezi wa korosho

Asiyeijua Tandahimba na aelezwe kwamba maisha yetu yanafuata mti mmoja. Tangu mwezi wa Mei hadi Agosti wakulima hupulizia salfa, ambayo ni unga wa kibiriti upele, kuukinga mkorosho na ugonjwa wa ubwiri unga unaokausha maua. Kisha kuanzia Septemba mabibo huanza kuanguka, na Oktoba na Novemba kazi ya kuokota hufikia kilele chake. Korosho haingojei. Ikilala chini siku nyingi huibiwa, na ikinyeshewa hupoteza daraja lake sokoni. Basi jamaa nzima huhamia shambani, hata kama shamba liko mbali na kijiji, wakaishi katika kibanda hadi mavuno yaishe. Na mwezi huo huo wa Oktoba, kwa mpango wa serikali usiojua habari za mikorosho, watoto wa darasa la nne hujiandaa kwa upimaji wao wa kitaifa.

Matokeo yake huonekana katika rejesta, yaani daftari la mahudhurio. Ukifungua kurasa za Juni utaona mistari imejaa. Ukifungua za Oktoba utaona alama za wasiohudhuria zimeshuka kutoka jina hadi jina, safu kwa safu. Dawa iliyozoeleka kwa maradhi hayo ni ya mtendaji wa kijiji: wazazi huandikiwa wito, hutishwa, hutozwa faini, na watoto hurudi kwa muda mfupi wakiwa wamechoka na kufadhaika, kisha hutoweka tena. Dawa hiyo haina nguvu kwa sababu haikujua inatibu nini.

Katika kikao kimoja cha wazazi, kilichofanyika chini ya mwembe kwa kuwa hapakuwa na darasa la kututosha, mas'ala haya yalikuwa yakizungushwa kwa namna ya kila mwaka, walimu wakilaumu wazazi na wazazi wakitazama chini, mpaka mama mmoja aliyekuwa amempakata mtoto aliposimama akasema, "Mwalimu, kila mwaka mnatuuliza kwa nini mtoto haji shule. Hamjatuuliza mtoto huyo analala wapi."

Kikao kikanyamaza, kisha kikaanza kusema kwa pamoja. Mama yule alieleza kwamba yeye hulala shambani kulinda korosho zisiibiwe. Kwamba mtoto wake wa miaka tisa hawezi kuachwa peke yake katika nyumba ya kijijini. Kwamba hata akiachwa hakuna wa kumpikia. Na kwamba baina ya mtoto mjinga aliye salama na mtoto msomi aliyeungua moto usiku, mzazi hana la kuchagua. Mama huyo hakuwa na chuki na shule. Tatizo tulilokuwa tukiliita utoro lilikuwa ni tatizo la malazi, na hakuna faini inayoweza kumpatia mtoto mahali pa kulala.

Baada ya swali kunyooka, jibu halikuchelewa, na halikutoka kwa mwalimu. Lilitoka kwa ajuza mmoja aliyekuwa ameketi juu ya mzizi wa mwembe, akatukumbusha mambo ya zamani, wakati uwanda huu ulipokuwa hauna bomba hata moja. Maji hayakai juu ya uwanda wetu. Udongo huyameza, nayo huibuka chini mabondeni. Kwa hiyo wanawake wa zamani waliondoka alfajiri na mitungi kichwani, wakateremka mteremko mrefu hadi chemchemi, wakarudi jua likiwa limekwisha kupanda. "Mnadhani watoto tuliwaacha wapi?" aliuliza ajuza yule. "Tuliwaacha kwa bibi zao. Bibi mmoja alikaa na watoto wa nyumba nne au tano. Nani amesema bibi wameisha?"

Hapo inafaa nieleze jambo moja kwa msomaji asiye mwenyeji. Ukoo wa Kimakonde hufuata upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba, ndugu wa kiume wa mama, ana sauti juu ya mpwa wake ambayo pengine baba mzazi hana. Shule zetu kwa muda mrefu zimekuwa zikiandika jina la baba katika fomu, zikamwita baba kikaoni, zikamlaumu baba kwa utoro, ilhali wenye kukata shauri wameketi nyumbani hawakuitwa. Kikao kilichofuata tuliwaita wajomba na bibi wazaa mama, tukawapa viti vya mbele, na mambo ambayo yalikuwa yakisumbua miaka na miaka yakasemwa na kukubaliwa kabla ya adhuhuri.

Makubaliano yenyewe yalikuwa mepesi. Bibi waliojitolea walitajwa, kila mmoja na idadi ya watoto anaoweza kuwatunza. Wazazi walileta unga wa muhogo, mbaazi na kuni kabla ya kuhamia shambani. Kila mtoto alikuja na mkeka wake. Shule iliwaruhusu bibi hao kuchota maji katika tangi letu la maji ya mvua, jambo ambalo kwao lilikuwa na thamani kuliko fedha, kwa maana mwezi wa Oktoba ndoo ya maji katika uwanda huu hununuliwa kwa bei chungu. Wazazi wenye mashamba ya karibu waliahidi kuwapeleka watoto kuokota baada ya masomo na siku za Jumamosi.

Bibi mmoja aliniita kando, nikamwamkia, akaniuliza jambo lililokuwa likimtia haya. "Nitawaambia wasome wakati gani, Mwalimu, nami saa siijui?" Nilimuuliza yeye angeona wakati gani ni mwafaka. Alifikiri kidogo, akasema, "Tangu magharibi mpaka isha." Hakuna ratiba ya masomo ya jioni niliyopata kuipanga ambayo ilifuatwa kwa uaminifu kama hiyo, kwa kuwa adhana husikika katika kila nyumba na haihitaji saa ukutani.

Kwa ufupi, mambo matatu yalitangulia suluhisho, nami tangu wakati huo huyafuata kwa utaratibu kila shida inapobisha hodi:

- Kulichunguza swali kabla ya kulijibu, maana swali lililopinda huzaa majibu yaliyopinda.
- Kumtafuta mwenye shida hasa, ambaye mara nyingi si yule aliyeandikwa katika fomu.
- Kutazama wazee wa mahali walifanya nini walipopatwa na dhiki inayofanana na hiyo, hata kama shule ilikuwa haijakuwapo.

Mambo haya si mapya Masasi

Mwenye kudhani kwamba fikra hii ya kutafuta jibu katika yaliyo ya wenyeji ni ya siku hizi na aitazame historia ya jirani zetu wa Masasi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, jumuiya ya Kianglikana iliyokuwa na makao Unguja, aliwaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani, wakaweka makazi na shule. Baadaye, Chitangali upande wa Newala, alifanya kazi Cecil Majaliwa, kijana aliyekuwa ametoka utumwani, akasoma katika chuo cha misheni Kiungani huko Unguja, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza katika misheni ile kupewa daraja la upadre. Naona fahari kulitaja jina lake, kwani alifundisha katika ardhi hii wakati ambapo mahali pa shule nyingi za leo palikuwa bado pori.

Walimu na mapadre wa zama zile walikabiliwa na mgogoro mmoja mzito. Wayao, Wamakua na Wamakonde walikuwa na shule yao ya kale, iliyokuwa na walimu wake, mitihani yake na sherehe zake: jando kwa wavulana, ambalo ni kutahiriwa na kufunzwa adabu za utu uzima kumbini, yaani katika kambi ya porini, na unyago kwa wasichana. Mtoto asiyepita humo hakuhesabiwa kuwa mtu mzima, hakupata mke wala heshima. Dini mpya ilipokataza, vijana walikwenda kwa siri, au waliiacha dini. Iliporuhusu bila ya masharti, padre aliona yale aliyoyafundisha yakibatilishwa.

Vincent Lucas, aliyekuwa padre Masasi na tangu mwaka 1926 hadi 1944 askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi, alishirikiana na mapadre na walimu Waafrika wakatengeneza jando la Kikristo. Kumbi lilibaki porini. Tohara ilibaki. Mafunzo ya kuheshimu wakubwa na kuvumilia maumivu yalibaki. Yaliyopingana na imani yao waliyaondoa, na mahali pake wakatia sala. Walilaumiwa na baadhi ya wenzao wa kanisa waliosema kwamba wameupa upagani kanzu. Lakini vijana walipita jandoni mchana kweupe, mbele ya wazazi wao na mbele ya padre wao.

Mimi si Mkristo wala sikusudii kuhukumu mas'ala ya dini ya watu. Ninalolitazama ni namna ya kufikiri. Watu wale hawakulazimika kuchagua baina ya vitu viwili walivyopewa. Walichunguza kila kimoja kina nini ndani yake, wakaona kwamba vingi havikugombana. Na naona pia mahali walipokwama. Upande wa wasichana jambo lilikuwa gumu zaidi, na sababu yake, kwa maoni yangu, ni dhahiri: mambo ya unyago yamo mikononi mwa wanawake watu wazima, na waliokuwa wakipanga mabadiliko walikuwa wanaume. Mwenye shida hakuwapo barazani.

Kalenda ya manyakanga

Ugomvi wa shule na jando haukuisha kwa kuja kwa uhuru. Ulibadili sura tu. Siku hizi shida ni kalenda. Wasimamizi wa ngoma hizi, tunaowaita manyakanga, hupenda wakati wa kiangazi baada ya mavuno ya chakula, kwa kuwa ardhi ni kavu, ghala zina nafaka na watu wana nafasi. Ngoma ikianza katikati ya muhula, wavulana hutoweka majuma kadhaa, na wasichana wanaotoka unyagoni hurudi shuleni wakiwa wametunzwa mavazi na zawadi, wakijiona wameshakuwa watu wazima, na baadhi yao hawarudi kabisa.

Viongozi wa serikali wamekuwa wakihimiza ngoma zifanywe wakati wa likizo, na agizo hilo ni jema. Lakini agizo humwambia mtu la kufanya, halimwambii namna. Tulipoketi na manyakanga wa maeneo ya shule yetu, wanawake kwa wanaume, nilijifunza kwamba likizo ya Juni haikuwakera, ila walichelea kwamba kidonda cha mvulana hakitakuwa kimepona shule ikifunguliwa. Hofu hiyo ilikuwa ya haki kabisa. Tukakubaliana kwamba wavulana waingie kumbini siku ile ile ya kufunga shule, na kwamba mtoto ambaye hajapona asiitwe mtoro. Aletewe kazi zake nyumbani na mwenzake wa dawati moja.

Kisha nyakanga mmoja mwanamke, aliyekuwa kimya muda wote, akadai sharti lake. Alisema kwamba walimu vijana wanaotoka mikoa mingine huwacheka wasichana waliotoka unyagoni, huiita kazi yake ushenzi mbele ya darasa, na msichana aliyefedheheshwa hivyo hana hamu ya kurudi kuketi mbele ya mwalimu huyo. Akataka ahadi kwamba jambo hilo litakoma. Niliwakusanya walimu wenzangu nikawaeleza, wala sikutumia maneno makali, kwa kuwa wengi wao hawakujua athari ya mzaha wao. Ahadi ilitolewa, na nyakanga yule naye alitimiza yake: sasa huwaambia mabinti mwishoni mwa mafunzo kwamba mwali wake asiyerudi darasani amemtia aibu yeye. Neno hilo likitoka kwake lina uzito ambao sauti yangu haitakuwa nao hata nikiongoza shule hii mpaka nistaafu.

Walimu waliofundisha wakijifunza

Mfano mkubwa wa ubunifu wa namna hii kuliko yote ya nchi yetu ni wa miaka ya 1970. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye alifundisha Pugu hadi alipojiuzulu mwaka 1955 kwa ajili ya siasa, aliona kwamba nchi ikingoja kupata walimu wa kutosha kutoka vyuoni, kizazi kizima kitakulia nje ya darasa. Mwezi wa Novemba 1974 chama cha TANU, kilipokutana Musoma, kiliazimu kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Walimu wa kazi hiyo hawakuwapo.

Waliokuwapo ni vijana waliohitimu darasa la saba. Basi vijana hao walichukuliwa maelfu kwa maelfu, wakapangwa katika shule za vijiji, wakafundisha vipindi vichache asubuhi, na mchana wakasomeshwa ualimu na wakufunzi waliozungukia shule, kwa vitabu vya masomo ya posta na kwa vipindi vya redio, kisha wakamalizia chuoni kwa muda mfupi. Watu waliwabeza, wakazigeuza herufi za mpango ule, UPE, yaani Universal Primary Education au elimu ya msingi kwa wote, zikawa Ualimu Pasipo Elimu. Mimi nilifundishwa na mmoja wao. Alikuwa akituambia waziwazi kwamba somo la kesho hajalisoma bado, na jioni tulimwona barazani kwake na kitabu na redio, akijifunza alichokuwa atufundishe. Ubora wa elimu ulipungua katika mambo mengi, na si haki kuuficha ukweli huo. Lakini mtoto niliyekuwa naketi naye sakafuni, ambaye pasipo mpango ule angechunga mbuzi, leo anaandika jina lake na kusoma bei ya mnada, na watoto wake wote wamemaliza kidato cha nne.

Mipaka ya ubunifu

Ninapolisifu jambo hili, sitaki lishikwe kwa upande usio wake. Ubunifu wa mwalimu mkuu haulipi deni la serikali. Darasa lenye watoto wasiopumua kwa msongamano linahitaji darasa jingine na mwalimu mwingine, na kumwambia mwalimu mkuu awe mbunifu ni kumdhulumu. Kadhalika, Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015 ulipoondoa ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016, watoto wengi walipata faraja. Lakini baadhi ya wazazi walielewa kwamba sasa hawana wajibu wowote, na wakuu wa shule wakajikuta baina ya ruzuku isiyotosha na mzazi asiyetaka kuchangia hata ubao wa dawati. Kiongozi mwenye insafu hulisema pengo hilo kwa wakubwa wake kwa maandishi na kwa taadhima, kila robo ya mwaka, hata akichokwa. Kunyamaza na kujifanya kwamba kila kitu kinawezekana kwa akili ya mtu mmoja ni kuwaficha watoto haki yao.

Shamba la shule

Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967, Nyerere alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, na alitaka wanafunzi washiriki kulipanga na kuamua juu ya mapato yake. Sehemu ya kwanza tuliitekeleza nchi nzima. Ya pili tuliisahau, na mashamba ya shule yakageuka kuwa mahali pa adhabu. Shule nyingi za Tandahimba bado zina mikorosho yake.

Wakati huo huo tunasumbuliwa na kangomba. Hili ni jina la ununuzi wa korosho kwa njia ya uchochoro, kwa kipimo cha kopo au bakuli, nje ya utaratibu wa stakabadhi ghalani ulioanza mwaka 2007, ambao humtaka mkulima apeleke korosho ghalani kupitia chama cha msingi, apewe hati, na mali iuzwe mnadani. Wavulana wa darasa la sita na la saba ni wauzaji wakubwa wa kangomba. Huokota chini ya mikorosho isiyo yao, huuza kopo kwa kopo, hununua maandazi na vocha, na hawana haja na somo la hisabati kwa kuwa wanadhani wanaijua.

Na kweli wanaijua. Wanajua kopo lipi limebonyezwa kitako, korosho mbichi hupungua kiasi gani ikikauka, na bei ya uchochoroni inapishana vipi na ya mnada. Kamati ya shule ilipendekeza waadhibiwe. Niliomba badala yake wakabidhiwe mizani ya shamba la shule na daftari la mavuno, mwalimu wa hisabati awasimamie, na kila Ijumaa wasome mstarini kilo zilizopatikana mbele ya wenzao wote na mjumbe mmoja wa kamati. Wajumbe wawili walipinga kwa hoja za maana, wakisema kwamba fedha ya shule haifai kujaribiwa. Tukawekeana masharti, na mmoja wa wapinzani hao akakubali kuwa ndiye mjumbe wa Ijumaa.

Katika juma la pili kijana mmoja, ambaye jina lake lilikuwa limetajwa mara nyingi katika malalamiko ya wenye mashamba, alikuja ofisini akisema kwamba mizani yetu inapunja. Alikuwa amepima gunia moja mara mbili, asubuhi kwetu na mchana ghalani, akaona tofauti, akaiandika pembeni mwa daftari kwa kalamu nyekundu. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Kamati imekubali kuipeleka mizani kwa Wakala wa Vipimo ihakikiwe kabla ya mnada wa kwanza, na kijana huyo ametakiwa aende pamoja na mjumbe atakayeipeleka.